Kaunta Buku ya Nangurukuru

Pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, mabasi ya Dar es Salaam na Lindi husimama dakika chache tu, na muuza vitumbua aliyezubaa hubaki na beseni lake. Nilianza kuuza pale mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Leo anaendesha bodaboda. Watu huniita Mama Kaunta kwa ajili ya kaunta buku niliyokuwa nikiikumbatia kwapani kila niendako. Upande wa mbele niliandika wanachama: jina, namba ya kadi, ada ya mwezi. Ukiipindua na kuanzia nyuma, unakuta ninaowadai: fulani vitumbua kumi, fulani chai na andazi, kondakta fulani elfu mbili, ataleta akirudi. Wengi walikuwamo pande zote mbili. Nilichopitia kimo katika pande hizo mbili, na kosa langu kubwa pia.

Siasa nimerithi. Baba alichukua kadi ya CUF mwaka 1993, chama kikiwa kichanga. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa Julai ya mwaka uliotangulia, na watu wa KAMAHURU kule Zanzibar wakaungana na Chama cha Wananchi cha James Mapalala huku bara. Baba hakujali sana nani kaungana na nani. Alikuwa na mikorosho yake upande wa Kiranjeranje na swali moja ambalo alikufa nalo: korosho ni zangu, nimepalilia mimi, nimeokota mimi na watoto wangu, kwa nini mtu mwingine anipangie pa kuziuzia? Chama kilipokuja na itikadi yake ya Utajirisho, viongozi waliieleza kwa marefu na mapana. Profesa Lipumba ni mchumi wa Stanford. Mpe kipaza sauti, mtahesabu asilimia mpaka magharibi iwakute uwanjani. Baba aliifupisha kwa maneno saba: serikali ichunge barabara, mfuko wangu iniachie mwenyewe.

Huku kwetu maneno hayo hayakuhitaji mwalimu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmatumbi, na kwao habari ya kung'oa pamba ya Mjerumani pale Nandete, Julai 1905, husimuliwa kama ugomvi wa familia wa juzi. Walilazimishwa kulima wasichokitaka kwa ujira usiotosha chumvi, wakang'oa miche, na kutoka hapo ikaja Maji Maji yote. Mwanangu wa bodaboda siku moja aliniletea simu yake, akaniambia, mama, hata Marekani kuna chama chenu. Kinaitwa Libertarian, kimeanzishwa 1971, kinasema serikali iondoe mkono wake kwa watu. Mgombea wao wa urais wa 2016, Gary Johnson, alipata kura zaidi ya milioni nne na hakushinda jimbo hata moja. Nikamuuliza, sasa wanaendelea na nini? Akasema wana viongozi kila jimbo, na kila uchaguzi wa ndani wanagombania uenyekiti kufa na kupona. Nilicheka mpaka nikaunguza kitumbua. Nilijua kabisa wanagombania nini, maana wakati huo na mimi nilikuwa nagombania kitu cha namna hiyo hiyo.

Lakini nimeruka. Nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 2015 tulikuwa juu. Majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda CUF: Kusini kwa Selemani Bungara, ambaye taifa zima linamwita Bwege na yeye mwenyewe huitika, na Kaskazini kwa Vedasto Ngombale. Mchinga akapita Hamidu Bobali. Miaka mitano kabla ya hapo, Lindi Mjini ilikuwa imempeleka bungeni Salum Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi jimboni katika nchi hii, na ilikuwa kwa tiketi hiyo hiyo. Siku hizo ukinikuta stendi ukatamka "Haki!", beseni zima la akina mama lingekujibu "Sawa kwa wote!" kabla hujashuka kwenye basi.

Kumbe ufa ulishaanza. Profesa Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti Agosti ile ile ya 2015, kwa sababu ya Lowassa, aliyetoka CCM, kusimamishwa na umoja wa vyama vya upinzani, Ukawa, agombee urais. Mwaka uliofuata akataka kurudi, mkutano wa Ubungo ukavurugika, Msajili wa Vyama akamtambua, na katibu mkuu, Maalim Seif, na wenzake wakakataa. Kukawa na chama kimoja chenye vichwa viwili. Dar es Salaam hilo lilikuwa jambo la mahakama na makao makuu ya Buguruni. Nangurukuru lilikuwa jambo la nani anamsalimia nani. Nina mashemeji wawili, ndugu wa tumbo moja, ambao kwa miaka miwili mmoja alipokuja kwangu kunywa chai, mwingine aliipeleka yake barabarani.

Na wote waliitaka kaunta buku.

Kwanza walikuja wa upande mmoja, usiku, kwa adabu zote, shikamoo kwa mume wangu, hodi kwangu. Wakasema, mama, daftari la wanachama ni mali ya chama. Nikasema naam. Siku ya tatu wakaja wa upande wa pili wakasema hilo hilo, neno kwa neno, na hao nao nikawaambia naam. Kisha nikaichukua nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaizika ndani ya kiroba cha unga wa mchele. Waliporudi niliwaambia wote jibu moja: mkitaka ukurasa wa mbele, lipeni kwanza ukurasa wa nyuma. Walicheka. Hakuna aliyelipa, na hakuna aliyeichukua. Nasimulia hivi kwa wepesi, lakini kwa miaka hiyo nilikuwa nikilala na mlango umeegemezwa kinu.

Tarehe 18 Machi 2019, Jumatatu, Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa Profesa, na siku ile ile Maalim akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga. Sisi watu wa pwani tuliielewa haraka kuliko wenye kuchambua magazetini: chombo ni kile kile, abiria ni wale wale, kitambaa tu kimebadilika. Pale kijiweni kwetu bendera ya bluu ilishuka adhuhuri, na kwa kuwa ya zambarau haikuwa imefika, shoga yangu mmoja akatoa kanga yake. Mimi nilihama na upande wa mbele wa kaunta buku karibu wote. Kilichonichekesha, nikawa sina wa kucheka naye, ni kwamba chama tulichohamia kilikuwa na Azimio la Tabora la 2015, linalohuisha Ujamaa. Nililala na Utajirisho wa baba yangu, nikaamka mjamaa. Nilimwomba radhi kaburini kwake. Nilimwambia watu ni wale wale, baba, na swali lako nimelibeba.

Sasa kuhusu kugombea. Kulikuwa na kikao kimoja, sitasema cha chama gani maana nimekaa katika viwili, ambapo akina mama tulikuwa uani tunageuza pilau. Niliingia ndani na upawa mkononi kuuliza watu wangapi watakula, nikakuta kura imeshapigwa, mikono imeshashuka, katibu anaandika. Nikauliza, mmepigaje kura bila sisi? Mzee mmoja, mtu mwema ninayemheshimu mpaka leo, akaniambia, "Mlikuwa jikoni, mwanangu." Hakukosea. Tulikuwa jikoni. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba uchaguzi wa ndani ukifika nitagombea uenyekiti wa wanawake wa mkoa. Yeye ni mvuvi, maneno yake huyapima kama mafuta ya injini. Alinyamaza mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ukishindwa usije ukalilia humu ndani."

Mkoa wa Lindi ni mkubwa, na asiyeutembea hajui. Kutoka pale ninapouzia vitumbua kwenda Liwale ni kilomita zaidi ya 200 za vumbi kiangazi na tope masika. Kuna Ruangwa, kuna Nachingwea, kuna Lindi yenyewe. Mgombea anahitaji nauli, vocha, na kitu cha kushika mkononi anapoingia nyumba ya mtu. Mimi nilitegemea korosho. Lakini msimu wa 2018 ndio ule wa Operesheni Korosho: wanunuzi walitaka bei ya chini, wakulima wakagoma, Rais Magufuli akatangaza Novemba kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Bei tuliishangilia. Fedha, kwa wengi wetu, hazikuja na lori. Kila mwenye magunia mengi alihakikiwa shamba lake, asije akawa mtu wa kangomba aliyenunua kwa wenzake kwa bei ya njaa. Waliokuwa na shida ya leo leo waliuza kangomba kwa siri kama kawaida. Kangomba ni mwizi, ila ni mwizi anayelipa taslimu. Za kwetu zilichelewa mpaka nikaacha kuuliza. Zilipokuja tukagawana warithi sita.

Nikabaki na vitumbua, na kaunta buku.

Hapa ndipo nilipokosea, na wala sina wa kumsingizia. Niliketi chini, nikapiga hesabu ya upande wa nyuma. Nilikuwa nawadai watu shilingi laki tatu na themanini elfu. Nikajiambia, fedha ya kuwapa watu sina, lakini ninayo fedha ambayo tayari wanayo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta. Mstari kwa mstari. Wajumbe, dada wa wajumbe, wake wa wajumbe. Kila niliyemfutia nilimpigia simu au nikamtuma mtu: mwambie lile deni tumesameheana. Sikutaja kura. Nilijiona nimewazidi akili wagombea wote wa Tanzania, maana takrima, zile zawadi za mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliipiga marufuku 2006, na hii, nikasema moyoni, si takrima, ni roho nzuri. Nimekuja kuona baadaye kwamba mtu anayehitaji kujibembeleza kiasi hicho anajua anachofanya.

Uvumi nao ulikuwapo. Mwanamke anayepanda basi la alfajiri na kurudi na la usiku hana usafi mbele ya watu wa stendi. Nilisikia nina bwana Nachingwea. Nachingwea nilikaa saa nne, tatu kati ya hizo kwenye foleni ya kuchaji simu. Hayo yalinipita. Nililelewa na wanawake wa unyagoni. Matusi ya barabarani hayakunikuta mgeni.

Kilichonitisha kilikuwa ukimya. Kadiri siku zilivyokaribia, wale niliowafutia madeni walikuwa hawaji tena kibandani kwangu. Walikwenda kunywa chai kwa mwenzangu wa upande wa pili wa barabara. Wakiniona wanainama, wanafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Waliobaki kuja ni wale ambao bado niliwadai: wanachelewa, wanatania, wanaongeza deni, wanauliza safari ya Liwale ilikuwaje.

Mwishoni mwa Januari 2020 mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Mito ikafurika, Njinjo na vijiji vya kando ya Matandu vikaingiliwa na maji usiku, watu wakapanda juu ya miti na mapaa. Watu wetu wa Kilwa walikufa mwaka ule. Nisipolitaja hilo nitakuwa naomboleza uchaguzi wangu juu ya makaburi ya wengine. Wajumbe wangu wa upande ule, wale niliowahesabu kwa vidole, walikuwa kambini wakigawiwa unga. Niliwapigia simu nikiwa na nia ya kuuliza kama watafika Lindi, na aliyepokea akaniambia, "Mama Kaunta, mtoto wangu anaharisha, una chumvi na sukari?" Nilituma nilichokuwa nacho kwa bodaboda ya mwanangu mpaka barabara ilipokatika. Sikuuliza kura.

Tulipiga kura Lindi, katika ukumbi wenye feni moja. Nilishindwa kwa kura tatu. Aliyenishinda alistahili, nilimkumbatia na nikamaanisha. Nikapanda basi, nikakaa dirishani upande wa bahari, na njia nzima sikuona hata wimbi moja. Nyumbani mume wangu alikuwa ameshachemsha chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nililia humo humo ndani. Hakusema kitu.

Miezi iliyofuata sipendi kuieleza. Mtaji ulikuwa umekwenda na kalamu nyekundu. Nilikopa kikoba, nikashindwa rejesho la pili, nikauza mashine ya kushonea ya mama. Ugonjwa wa korona ukapunguza abiria. Oktoba ukaja uchaguzi mkuu na viti vyetu vyote vya Kilwa na Mchinga vikarudi CCM. Februari iliyofuata, tarehe 17, Maalim akafariki. Nilikuwa nimeacha kufungua upande wa mbele wa kaunta buku. Nilikuwa nimeacha hata kwenda stendi. Binti yangu alinishikia beseni.

Kisha siku moja akaja mama mmoja kutoka upande wa Miteja, mjumbe, mtu mzima kuliko mimi. Nilikuwa nimemfutia elfu kumi na nne. Alikataa kiti. Akafungua pindo la kanga, akahesabu noti na sarafu juu ya kinu, elfu kumi na nne kamili, akasema:

"Mwanangu, mimi nilikuwa nalipa kidogo kidogo. Ulinifutia kabla sijakuomba. Ukatuma na mtoto aje aseme mbele ya wakwe zangu. Ukanifanya ombaomba. Ningekupaje kura? Ningekupa, ningekuwa nimelipa kwa kura, na hiyo si yangu ya kulipia vitumbua."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anisamehe kwa magoti. Aliniambia niinuke nimwandalie chai, na chai hiyo niiandike.

Nilikaa na maneno yale kwa muda mrefu. Maisha yangu yote nilipigania mtu awe na chake: korosho zake, mfuko wake, kadi yake. Na siku niliyohitaji kitu kwa watu, nilikwenda moja kwa moja kwenye kile walichokuwa nacho na nikakigusa bila hodi. Baba asingenifutia deni. Angekuja kunidai kila Ijumaa, na baada ya kunidai tungecheka.

Basi nilinunua kaunta buku mpya. Niliwatembelea wale wa kalamu nyekundu mmoja mmoja, nikawaambia nimekosea, deni lenu ni lenu, mkitaka kulilipa mlilipe, mkitaka kunitukana nimekuja mwenyewe. Wengine walinitukana. Wengi walilipa, baadhi kwa ufuta, mmoja kwa pweza mkavu ambaye tulimla wiki nzima. Walirudi kunywa chai. Hakuna dawa niliyowahi kuinywa iliyonirudishia usingizi kama ile.

Mwanzoni mwa 2024, uchaguzi wa ndani ulipofika tena, sikugombea uenyekiti. Niliomba ujumbe tu, kiti kimoja kati ya vingi. Nilizunguka bila kitu mkononi. Niliulizwa katika kujieleza, wewe utatufanyia nini? Nikasema nitaandika majina yenu vizuri na hakuna kura itakayopigwa nikiwa jikoni. Nikapita. Yule mama wa Miteja alikuwa kwenye foleni ya kupiga kura, na bado nilikuwa namdai elfu tatu mia tano.

Mei mwaka ule kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga na mabasi yakalala njiani. Abiria walijaa Nangurukuru bila fedha na bila mtandao wa simu wa kutumiwa fedha. Tuliwapikia mchana na usiku, na wote niliwaandika, majina ya Mtwara, Newala, Temeke, watu ambao nilijua huenda nisiwaone tena. Wengi walituma wenyewe walipofika. Upande wa mbele wa kaunta buku ya sasa una wanachama 214, na wa nyuma una watu 61, kumi na wanane kati yao ni wa Hidaya. Ukijikumbuka humo, kibanda ni kile kile, upande wa kulia ukitokea Dar es Salaam. Vitumbua huisha saa nne asubuhi.